Aliyeviacha Vibendera Ziwani

Nilipiga fidla nyuma ya Ardis Kvale kwa miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote nilikuwa pia mume wa mdogo wake, Corliss. Kwa hiyo nikisema namjua Ardis, simaanishi vile wanavyomjua watu waliokuwa na santuri zake nyumbani. Nimemwona akikamua ng'ombe na gauni la jukwaani mwilini kwa sababu kibarua hakutokea. Nimemwona akilia kwa ajili ya mbwa. Alikuwa ananiita shemeji hata mbele ya watu mia tano, na watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa jukwaani.

Jina langu ni Duane Pospisil. Sisi ni wa Ziwa Sorrel, kaskazini mwa Wisconsin, na yote haya yalitokea hapo au yalianzia hapo.

Ardis alianza kutunga nyimbo akiwa na miaka kumi na minne, bandani, kwa sababu ng'ombe wakisikia sauti ya mtu hawarushi mateke. Alitunga kuhusu nyasi zilizonyeshewa kabla ya kufungwa, kuhusu mjomba wake aliyerudi kutoka Korea akawa haongei, kuhusu kiwanda cha jibini kilichofungwa siku ya Ijumaa bila kuwaambia wafanyakazi. Sauti yake haikuwa ile nzuri ya kwaya. Ilikuwa na mkwaruzo katikati, kama mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu. Lakini akiimba, hata wale waliokuja kwa ajili ya kahawa na keki walikuwa wanaweka vikombe chini.

Wimbo uliomtoa, ule uliompeleka redioni na katika matamasha ya majimbo sita, ulikuwa wimbo wa Jolene.

Sisi wakati wa baridi tunaendesha magari juu ya ziwa lililoganda. Ukilizunguka ni maili kumi na nne, ukilikata ni mbili. Halmashauri ya mji ilikuwa imempa kazi Orrin Tveit, mwenye duka la chambo pale ufukweni, ya kupima unene wa barafu na kusimamisha vibendera vya rangi ya machungwa kuonyesha njia salama. Barafu ikianza kuoza mwezi wa tatu, yeye ndiye anaviondoa. Vibendera vikiwapo, pita. Visipokuwapo, zunguka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Jumapili moja ya Machi mwaka 1971, asubuhi, kukiwa na ukungu mzito, Jolene Rademacher aliwaweka watoto wake wawili garini, Kip wa miaka mitano na Tessa wa miaka mitatu, akafuata vibendera kwenda kwa mama yake ng'ambo. Jolene alisoma darasa moja na Ardis, walikaa dawati moja miaka mitano. Gari lilizama karibu na katikati. Walipolivuta siku ya Jumanne, vioo vyote vilikuwa vimefungwa.

Orrin aliapa kwamba alikuwa ameviondoa vibendera Jumamosi mchana, akavilaza pale ufukweni. Lakini vibendera vilikuwa vimesimama, kila mtu aliviona. Na Orrin alikuwa mnywaji, hilo nalo kila mtu alikuwa analiona.

"Kalewa, kalala, kasahau," alisema baba mkwe wangu, Palmer Kvale, wiki ile mezani, bila kuinua macho kwenye sahani. "Ndivyo ilivyokuwa."

Ardis aliyameza maneno hayo, na baada ya miaka mitatu akayatoa yakiwa wimbo. Ubeti wa tatu ndio watu walioushika zaidi:

Mwenye vibendera kalala,
chupa mkononi, usingizi mzito;
barafu ikamwita Jolene kwa jina,
naye akaitika na watoto.

Tulikwenda kuurekodi Minneapolis mwaka 1974. Tulikuwa wawili tu chumbani, yeye na gitaa, mimi na fidla. Tulipofika ubeti wa tatu, fundi mitambo alitusimamisha.

"Nani anagonga kioo?"

"Kioo gani?" Ardis akauliza.

"Sijui. Nasikia tok, tok, tok. Kama mtu anagonga dirisha kwa kifundo cha kidole."

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Tulirudia. Akasikia tena, palepale. Alibadilisha nyaya, akabadilisha kipaza sauti, akaniambia nivue saa. Mara ya nne akachoka, akasema aache tu, watu watadhani ni ngoma. Na kweli, watu walidhani ni ngoma. Mwandishi mmoja wa gazeti alisifu sana "ule mdundo wa mbali, kama moyo". Ardis alinisomea sifa hizo garini, kisha akalikunja gazeti, akalikalia.

Jukwaani mimi niliusikia mdundo ule mara chache. Yeye alikuwa anausikia kila mara. Sikuambiwa, niliona. Tukifika hapo aligeuza kichwa kidogo upande wa kushoto, kama dereva anayemwangalia mtu aliye nje ya gari lake.

Wakati huo Orrin Tveit aliendelea kuishi. Hilo watu wa mbali hawakulijua, walidhani mwenye vibendera ni mtu wa hadithi. Wateja walimhama dukani. Mke wake akaenda kwa dada yake Duluth, hakurudi. Vijana wakitoka kwenye mpira walipunguza mwendo mbele ya nyumba yake, wakashusha vioo, wakaimba ubeti wa tatu wote kwa pamoja. Aliacha pombe mwaka 1975. Hakuna aliyemtungia wimbo kwa hilo.

Mwaka 1993 mji ulitimiza miaka mia, na Ardis akaombwa aimbe kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa tatu. Mama mkwe wangu, Bernadine, alikuwa mstari wa mbele kama kawaida yake, na mkoba mapajani. Ardis aliimba wimbo wa Jolene mwishoni, ukumbi mzima ukamsaidia, na mama mkwe akapiga makofi mpaka mkoba ukaanguka.

Baadaye tukaenda kwenye meza ya kahawa. Aliyekuwa anamimina ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, nywele amezifunga kwa ukali.

"Sukari, dada Ardis?"

"Bila sukari. Asante, mpenzi."

"Mimi ni Marit," akasema, huku akiendelea kumimina. "Wa Orrin."

Kikombe kikajaa, kikafurika, Marit akaacha kumimina lakini hakuufuta mchuruziko.

"Baba aliviondoa," Marit akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa naye. Nilikuwa na miaka tisa. Nilivibeba mwenyewe mikononi, ishirini na sita. Nilivihesabu kwa sababu siku hizo nilikuwa najivunia kuhesabu. Tulivilaza chini ya mtumbwi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Kwa mwalimu, kwa mchungaji, kwa yule mkubwa wa polisi. Nani atamsikiliza mtoto wa mlevi? Halafu wewe ukaja na gitaa lako." Akachukua kikombe kingine. "Anayefuata!"

Nilimshika Ardis mkono, nikamtoa nje. Nikamwambia maneno ambayo mtu husema: mtoto huwa anamtetea baba yake, usilichukue moyoni.

"Shemeji," akasema, "mtu anayebuni hasemi ishirini na sita. Anasema vyote."

Asubuhi yake tukaenda shambani kwa Bernadine. Alikuwa jikoni anasukuma lefse, mikate yetu ile myembamba ya viazi, na unga ulikuwa umempanda mpaka viwikoni. Ardis hakuvua koti.

"Mama, nani alivirudisha vibendera?"

Mti wa kusukumia uliendelea kwenda na kurudi.

"Funga mlango, Duane, baridi inaingia."

Nikaufunga.

"Mama."

"Nimesikia." Aliugeuza mkate, akaupaka unga. "Kibanda cha baba yako cha kuvulia samaki kilikuwa bado kipo barafuni. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuviondoa vibanda, na baba yako alikuwa hapendi kuandikiwa faini na serikali. Akaenda Jumamosi jioni na trekta. Ukungu ulikuwa umeshuka, haoni mbele. Akavisimamisha vibendera vya Orrin apate kuiona njia ya kurudi akikivuta."

"Halafu?"

"Halafu akaja amelowa mpaka magotini. Akasema, Bernadine, nimeviacha vibendera. Akaichukua tena kofia." Hapo ndipo mti ulisimama. "Mimi nilikuwa nimeoka nyama na viazi. Nikamwambia, kaa ule, chakula kinapoa, utaviondoa asubuhi. Akakaa. Alikula sahani mbili."

Mkate ulianza kuungua kwenye bati, mimi ndiye nilikwenda kuutoa.

"Asubuhi alikuwa bandani anakamua," mama mkwe akaendelea. "Alikuwa amalize, aende. Jolene akamtangulia."

"Mama," Ardis akasema, na sauti yake ile yenye mkwaruzo haikutoka, ulitoka upepo mtupu. "Umekaa mstari wa mbele miaka kumi na tisa. Ulikuwa unapiga makofi."

"Nilifikiri ukiuimba vya kutosha utakuwa kweli," akasema Bernadine. Akachukua donge lingine la viazi, akalipondaponda kwa kiganja.

Nilipomweleza Corliss jioni hiyo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka masharti yake. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku hiyo hakuwa na upole.

"Mama ana miaka sabini na mbili. Mnataka atemewe mate kanisani? Baba yuko kaburini, hawezi kujitetea. Mwambie Ardis aache kuuimba, basi, inatosha. Wewe nawe usijifanye huna watoto wenye damu ya Palmer."

Nilikubaliana naye. Naandika hilo hapa kwa sababu ni lazima liandikwe mahali. Nilikubaliana naye kwa miaka kumi na minane.

Ardis alisubiri mpaka barafu ilipoisha ziwani, ndipo akaniomba nimsindikize kwa Orrin. Tulimkuta barazani ananoa meno ya kekee kubwa ya kutobolea barafu, ingawa msimu ulikuwa umekwisha. Alikuwa na miaka sabini, mwembamba, amenyolewa vizuri. Alituangalia tukipanda ngazi.

"Mtoto wa Palmer," akasema. "Umekuja kuniimbia mlangoni? Wenzio huwa wanabaki garini."

"Bwana Tveit, ni baba yangu aliyevisimamisha."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Alama za kibanda chake zilipita kando ya vibendera vyangu, mwanzo mpaka mwisho. Nilimwonyesha mkubwa wa polisi. Akaninusa mdomo, akafunga daftari." Alipuliza vumbi la chuma kwenye jino la kekee. "Halafu Palmer akaanza kuja dukani. Kila Alhamisi, akanunua ndoo moja ya samaki wadogo wa chambo. Miaka kumi na moja, mpaka alipokufa. Sikuwa na mteja mwingine wa kudumu. Na mtu yule hakuvua tena samaki hata mmoja, nyie mnajua."

Tulijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona akimwaga ndoo nyuma ya ghala, kunguru wakimsubiri. Nilidhani ni uzee.

"Hakusema kitu?" Ardis akauliza.

"Alikuwa anasema, 'Hali ya hewa imebadilika.' Nami najibu, 'Imebadilika.' Basi."

Ardis alipiga magoti. Mbao za baraza zilikuwa zimelowa. Akasema ataandika wimbo upya, ataweka jina la baba yake, atauimba kila mahali alipouimba ule wa kwanza.

"Inuka, utapata baridi yabisi," Orrin akamwambia. "Sitaki uuandike upya. Utamwimba mfu, halafu mama yako ndiye atakayezomewa. Mimi najua kuzomewa kukoje, simwombei mwanamke mzee. Nataka wimbo usiwepo."

"Siwezi kuufuta. Uko kwenye santuri, uko redioni, watu..."

"Hao siwadai kitu. Wewe ndiye uliyenijua. Ulikuwa unakuja dukani kwangu na Jolene kununua pipi nyeusi, nikawapa moja moja ya ziada. Ulinijua, ukanitia chupa mkononi. Basi wewe usiuimbe. Maadamu niko hai, nisisikie kwamba wewe umeuimba."

"Sitauimba."

"Haya." Akairudia kekee yake. "Duane, fidla yako siku hizi inalia kama paka mgonjwa. Badilisha nyuzi."

Hakusema amesamehe, na Ardis hakumwuliza.

Agosti tulikuwa na tamasha Iowa ambalo tulikuwa tumelikubali tangu mwaka uliotangulia. Turubai kubwa, saa tisa mchana, joto la kuyeyusha lami, watu wameketi juu ya marobota ya nyasi. Ardis aliimba nyimbo kumi. Kisha wakaanza kupaza sauti, "Jolene! Jolene!"

Aliinama kwenye kipaza sauti. "Huo siuimbi tena. Una uongo ndani yake. Yule mtu hakulala, na hakuwa na chupa. Niliambiwa, nikaimba bila kuuliza."

Watu wakacheka. Walifikiri ni namna ya kuwatia hamu. Mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Usijali, dada, ukisahau maneno sisi tunayo!" na akauanzisha yeye mwenyewe. Mstari wa pili wakaupokea wote. Watu mia nne, kwa sauti mbili, wengine tatu, vizuri sana, kuliko tulivyowahi kuuimba sisi. Ardis alilivua gitaa shingoni, akaliweka chini, akasimama mikono ikining'inia. Walidhani anawapa heshima.

Walipofika ubeti wa tatu nikausikia. Haukuwa kama zamani, mdundo mmoja wa mbali. Ulikuwa mwingi. Viganja na vifundo, vikubwa na vidogo, vikigonga kioo kwa haraka, upande wa kushoto wetu, palipokuwa na turubai tupu na nyuma yake shamba la mahindi. Nilimtazama Ardis, naye alikuwa tayari ameshageuza kichwa. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nilimwuliza baadaye garini alikuwa anasema nini.

"Nilikuwa namwambia ashushe kioo," akasema.

Lile lilikuwa tamasha letu la mwisho. Alirudi Sorrel, akapata kazi kwenye duka la jibini kando ya barabara kuu, na Jumamosi akawa anafundisha gitaa maktaba. Redio iliendelea kuupiga wimbo wake. Ukipigwa dukani, alikuwa anaingia kwenye chumba cha baridi, akakaa humo na magurudumu ya jibini mpaka uishe. Wenzake walimwekea sweta kwenye msumari.

Bernadine alifariki mwaka 1999. Wiki mbili baada ya mazishi Ardis aliandika barua ndefu kwa gazeti la kaunti, akaeleza kila kitu: trekta, ukungu, kibanda, sahani mbili za nyama na viazi. Corliss hakuongea naye mwaka mzima. Nami nilikaa kimya katikati yao, nikipasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Barua ilichapishwa, watu wakaisoma, na hawakuiamini. "Moyo wake mzuri," walisema. "Anambebea mzee wa watu aibu, mpaka anamtwisha baba yake mwenyewe." Wakampenda zaidi. Mchungaji aliitumia kwenye mahubiri kama mfano wa huruma.

Orrin alikuja kwenye duka la jibini na gazeti kwapani. Niliambiwa na Ardis mwenyewe.

"Nimeisoma," akamwambia. "Umeandika vizuri, binti. Shida yake haina kiitikio."

Na Ardis akacheka, kwa maneno yake mwenyewe, mara ya kwanza tangu Iowa. Baada ya hapo kila Alhamisi Orrin alikuwa anakuja kununua kipande cha jibini laini, wakazungumza habari za hali ya hewa. Wimbo hawakuutaja. Ardis alimtimizia ahadi siku zote hizo. Hata kuupiga mluzi, hata kuuguna akiosha vyombo, sikumsikia.

Ardis alifikiri ataishi kuliko Orrin. Sote tulifikiri hivyo. Orrin alikuwa anakaribia tisini, moyo wake unaendeshwa na betri. Lakini mwaka 2011 Ardis alianza kuumwa mgongo mwezi wa nne, wakakuta ni saratani ya kongosho, na mwezi wa saba tukamzika. Alikuwa na miaka sitini na moja.

Kanisa letu la Kilutheri halijawahi kujaa vile. Walikuja kutoka majimbo manne, wengine na magitaa yao. Ibada ilikwenda sawa, kwa kuwa mchungaji mpya alikuwa ameombwa na Corliss nyimbo za kitabuni tu. Baada ya maziko tulishuka chumba cha chini kwa chakula. Orrin alikuwa amekaa meza ya ukutani na Marit, mbele yake sahani ya nyama baridi na saladi ya viazi. Alikuwa ametia tai.

Ilianza upande wa dirishani. Mwanamke mmoja wa Illinois, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alipiga nyuzi mbili tatu, akauanza polepole, kama sala. Wakamfuata. Chumba kizima kikainuka na wimbo ule, watu wakilia, wameshikana mikono, na mimi nikamwangalia Orrin. Aliweka uma chini. Hakuinuka kutoka nje. Alikaa vilevile, viganja juu ya meza, akiitazama sahani, kama mtu aliyepanga foleni na kujua zamu yake itafika. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza.

Nilipanda juu ya kiti. Nilikuwa na miaka sitini na tatu, nimepanda juu ya kiti kanisani.

"Nyamazeni!" nikasema. Haikutosha. Nikapiga kelele mpaka koo likaniuma, "Nyamazeni, jamani, mwenyewe yuko hapa!"

Walinyamaza vipande vipande, meza hii kisha ile.

"Aliyeviacha vibendera ni Palmer Kvale," nikasema. "Baba mkwe wangu. Babu wa wanangu, wale pale. Mama mkwe alinieleza kwa mdomo wake, nikiwa nimesimama jikoni kwake. Ardis aliwaambia mara mbili, mkamwona malaika. Mimi si malaika. Mimi nilijua nikakaa kimya miaka kumi na minane kwa sababu nilitaka amani nyumbani kwangu. Bwana Tveit aliviondoa vyote ishirini na sita. Hakuwa amelala. Mkitaka kuimba, niimbeni mimi."

Mwanangu mkubwa alitazama viatu vyake. Corliss alikuwa mlangoni mwa jiko, ameshika birika. Alilitua mezani kwa uangalifu mno, akavua aproni, akapanda ngazi akaenda nje. Orrin akachukua uma wake, akaanza kula. Alikula taratibu, na watu wote wale walisimama wakimwangalia akitafuna, hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Nilimkuta baadaye kwenye maegesho, Marit akimfungia mkanda wa gari.

"Umechelewa sana, Duane," akaniambia.

"Najua, mzee."

"Angekuwepo yeye asikie." Akatazama kule makaburini, maua yalikuwa bado yanapangwa. "Mimi ningeweza kusubiri. Nilishazoea."

Marit akafunga mlango, wakaondoka.

Corliss alilala kwa mwanetu siku kumi na moja, kisha akarudi. Tunaishi vizuri kiasi. Kuna mambo hatuyagusi. Orrin alikufa majira ya baridi ya mwaka uliofuata, tukamzika tukiwa tisa, Marit akiniomba nipige wolzi, dansi moja ya wazee wa Norway isiyokuwa na maneno. "Maneno yametosha," alisema.

Kiangazi kilichopita nilikuwa Winona, ng'ambo ya mto, upande wa Minnesota, nimekwenda sokoni kununua nyanya. Pembeni ya meza za asali alikuwa amesimama binti mmoja na gitaa, labda miaka ishirini, anauimba. Alikuwa na sauti safi, haina mkwaruzo. Nilisubiri amalize.

"Unajua nani aliutunga?" nikamwuliza.

"Huu? Ni wa zamani sana, babu. Hauna mwenyewe."

Nikamweleza. Nilikaa kwenye kreti la mapichi nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, naye alinisikiliza kwa heshima, gitaa amelikumbatia. Alikuwa mtoto msikivu. Machozi yalimlenga.

"Basi ule ubeti wa mwenye vibendera siuimbi tena," akasema. "Naapa."

"Asante."

"Ngoja niujaribu bila huo." Akajaribu palepale, mbele yangu. Aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, akauruka wa tatu, akaingia wa nne, ule wa kulivuta gari. Akasimama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akasimama palepale, vidole juu ya nyuzi.

"Haieleweki, babu," akasema. "Wanazama tu. Bila yeye, wimbo hauendi."

Nikalipia nyanya zangu. Nilipofika kwenye gari nilimsikia akiuanza tena tangu mwanzo, na nikakaa kwenye usukani, vioo vimefungwa, bila kuwasha, nikisubiri nione ubeti wa tatu atauruka au hatauruka.